Mitambuu ya marehemu mama inakufa, na wifi yangu anasubiri pingili

Mshauri wetu,

Assalaam alaykum. Naishi Pemba, katika kijiji kilicho karibu na Wete. Jambo linalonisumbua huenda likaonekana dogo kwa mtu asiyelima, lakini limekwisha kuingia kati yangu na ndugu zangu, na sasa linaelekea kuingia kati yangu na watu wa mume wangu.

Marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ametuachia bustani nyuma ya nyumba. Mitambuu ndiyo mingi, imepandishwa kwa safu kwenye nguzo za miti. Pembeni ipo mipilipili manga inayopanda kwenye mifenesi, na juu ya ua upo mpesheni mmoja pamoja na asumini ambazo mama akizichuma kwa ajili ya vikuba. Tambuu zake zilijulikana. Mtu akiwa na posa au na shughuli ya harusi, akimtuma kijana kuja kununua mafungu kwetu, na kwa fedha hizo ndipo zilipolipwa ada zetu za skuli na mahitaji mengi ya nyumbani. Alipofariki niliachiwa mimi kuitunza, kwa kuwa ndiye niliyebaki nyumbani, nami nikaendelea kama alivyonifundisha: samadi ya ng'ombe iliyokaa, matandazo ya majani makavu chini ya mashina, na kumwagilia jioni wakati wa kaskazi.

Balaa lilikuja na mvua za masika ya mwaka huu. Mashina ya safu ya chini, karibu na mtaro, ndiyo yaliyoanza. Majani yalipoteza mng'ao, yakalegea mchana ilhali udongo umelowa, kisha yakawa manjano na kupukutika, na kabla ya wiki chache kupita shina zima likawa limekufa. Nilipokwangua shina moja pale linapoingia ardhini, gamba lilitoka lenyewe chini ya ukucha, na ndani yake mlikuwa na weusi wenye utelezi na harufu ya kuoza. Kwenye mashina yaliyobakia, baadhi ya majani yalipata mabaka meusi ya mviringo yenye majimaji, ambayo siku ya mvua huongezeka haraka. Tangu hapo maradhi yamekuwa yakipanda safu hadi safu, na hivi sasa zaidi ya nusu ya mitambuu imekwenda. Mpilipili manga mmoja nao umemwaga majani kwa ghafla. Mwengine haujafa, lakini una umanjano tangu mwaka jana na haukui. Asumini zimefunikwa masizi meusi juu ya majani na zimejaa sisimizi. Mpesheni nao umenyauka upande mmoja.

Kaka yangu, ambaye mwaka jana amejenga nyumba ya bati upande wa juu wa kiwanja hichohicho, anasema tung'oe kila kitu, tuchome, tupande migomba, na mambo yaishe. Mdogo wangu wa kike aliyeko Unguja anasema kung'oa mitambuu ya mama ni kumfuta mama. Ameniletea dawa ya ukungu aliyouziwa dukani na anataka niipulize bustani nzima. Sijaifungua hadi leo, kwa sababu tambuu haipikwi. Mtu huitia mdomoni mbichi, akaitafuna, na wengi wa wanaonunua kwangu ni watu wazima. Jirani mmoja ninayemheshimu ameniambia kwamba haya si maradhi bali ni jicho, kwa kuwa bustani ilisifiwa mno, na kwamba mama alikuwa na mkono wa kulea mimea ambao mimi sikuurithi. Neno hilo la mwisho limeniuma kuliko hasara.

Na sasa kuna wifi yangu, dada wa mume wangu. Ameachika, amerudi kwa wazee wake upande wa Mkoani, na amepata kipande cha ardhi anachotaka kuanzishia mitambuu ili apate kuwalisha wanawe. Mama alimwahidi pingili, vile vipande vya shina vya kupandia, mbele yangu, kabla hajalazwa. Ameniletea ujumbe kwamba atakuja kuzichukua kabla ya mvua za vuli. Siwezi kumwambia hakuna, kwa sababu yapo mashina ya safu ya juu yanayoonekana mazima, na akija atayaona kwa macho yake. Mume wangu hasemi kitu, lakini ukimya wake nauelewa. Nikimnyima nitaonekana nimemfanyia choyo mtu aliyefikwa na shida, tena katika ahadi ya maiti. Nikimpa, na zikamfia, atasema nimempa mbovu kwa makusudi.

Je, ning'oe mimea ya mama au niipiganie? Na wifi yangu nimwambie nini?

Binti wa Mwenye Tambuu, Pemba

JAWABU

Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Jambo lako si dogo hata kidogo. Unaulizwa na watu wanne kwa wakati mmoja, na kila mmoja amekuja na jawabu lake mkononi: kaka ana jembe, mdogo wako ana dawa, jirani ana jicho, na wifi ana ahadi. Katikati yao umesimama wewe, unayeamka asubuhi na kwenda kuyatazama mashina hayo, na unayebeba huzuni ya mama ambayo haijapoa. Kabla sijagusa la nani yuko sawa, ningependa tukae kidogo na mimea yenyewe, kwa sababu naona mengi ya lawama yanayokuzunguka yanatokana na kutojulikana ni kitu gani hasa kinachoiua.

Dalili ulizoziandika, na umeziandika vizuri, zinafanana sana na uozo wa shina ambao wakulima wa tambuu na pilipili manga wa Bara Hindi, Malaysia na Indonesia wanaujua kwa machungu. Huletwa na vimelea vya jamii ya Phytophthora. Watu huviita ukungu, lakini kwa ukoo viko mbali na ukungu wa kweli. Vimo katika kundi moja na mwani wa kahawia, ambao si ule mwani mnaoufunga kwenye kamba huko pwani, kwa kuwa huo ni wa jamii nyekundu. Naueleza ukoo huu kwa sababu unabadilisha mambo mawili: namna maradhi yanavyosafiri, na dawa gani yanaisikia.

Vimelea hivi hutoa vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kina mikia miwili, na vinaogelea. Udongo ukilowa na maji yakatuama, huogelea kutoka mzizi hadi mzizi. Maji yakitiririka, hubebwa nayo. Tone la mvua likidunda chini na kurusha tope kwenye jani la chini, hupanda nalo, na hapo ndipo hutokea yale mabaka meusi uliyoyaona. Mtambuu na mpilipili manga ni ndugu wa ukoo mmoja, na ndiyo maana mpilipili wako ulipukutisha majani kwa ghafla, wakati uleule na kwa namna ileile.

Hapa naomba turudi kwenye sentensi uliyoiandika kwa kupita tu, kwamba kaka yako mwaka jana alijenga nyumba ya bati upande wa juu. Maji ya bati hilo yanaelekea wapi? Bati hukusanya mvua yote ya paa na kuimwaga mahali pamoja, na kama mchirizi wake unashukia kwenye bustani, basi ardhi ambayo zamani ilikunywa mvua yake tu, masika haya imenyweshwa na ya paa zima. Safu iliyoanza kufa ni ya chini, karibu na mtaro, mahali ambapo maji ya kiwanja chote hukutana. Sisemi kwamba kaka yako ndiye aliyeleta maradhi, kwa sababu vimelea hivi huweza kuwa vimo udongoni kwa miaka bila ya kuonekana vikisubiri maji. Nasema kwamba mama yako na wewe huenda hamkulima katika ardhi moja, ingawa ni bustani ileile. Mkono wake ulilea mimea isiyotuamiwa na maji. Wewe umekabidhiwa mimea hiyohiyo ikiwa imesimama majini. Neno la jirani limekuuma, na ni haki yako liume, lakini naona limekupima kwa kipimo ambacho mama mwenyewe hakuwahi kupimwa nacho.

Simkanushi jirani yako katika yale anayoyaamini kuhusu jicho, na dua haina hasara kwa mtu wala kwa shamba. Ninachokuomba ni kwamba maelezo hayo yasikuzuie kutafuta mengine. Visiwa vyetu vimekwisha kuyaona haya: mikarafuu ilipokuwa ikifa ghafla, mti mzima na majani yake, yalisemwa mengi, hadi watafiti walipochunguza na katikati ya karne ya 20 wakaeleza aina ya kuvu iliyohusika, ambayo waliipa jina la Valsa eugeniae. Mti uliotazamwa kwa woga miaka mingi ulikuwa na ugonjwa wenye jina.

Umeandika pia kana kwamba bustani nzima imepatwa na kitu kimoja. Mimi nina shaka. Mpilipili manga wenye umanjano tangu mwaka jana, usiokufa wala usiokua, unanifanya nifikirie minyoofundo na jamaa zake, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayokula mizizi polepole. Fukua kidogo pembeni ya shina hilo utazame mizizi: ikiwa na vinundu, au ikiwa imebakia mifupi yenye madoa ya rangi ya kahawia iliyokoza, shaka hiyo itakuwa imepata nguvu. Mpesheni ulionyauka upande mmoja mara nyingi huwa na mnyauko wa kuvu wa aina ya Fusarium, na ukikata shina lake kwa mshazari utaona wekundu wa kahawia ndani ya mishipa. Kuvu hiyo ya mapesheni haihamii kwenye tambuu. Asumini ndizo zenye nafuu kuliko zote, kwa sababu masizi yale hayali jani. Yanaota juu ya maji ya sukari yanayotolewa na wadudu wadogo wanaofyonza upande wa chini wa majani, na sisimizi wamekuja kwa sukari hiyohiyo na huwalinda wadudu hao. Yaoshe majani kwa maji ya sabuni, hasa upande wa chini, urudie kila baada ya siku kadhaa, nawe utaona tofauti bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Sasa tuje kwa kaka. Shauri lake la kung'oa si la mtu asiye na huruma, na lina msingi. Shina lililokwisha kuoza kitakoni halirudi, na kuliacha limesimama ni kuwalisha vimelea. Mashina yaliyokufa, pamoja na mizizi na matandazo yaliyokuwa chini yake, yakitolewa na kuchomwa mbali na bustani, hata mashina yaliyobakia hupata nafuu. Yasitupwe mtaroni wala kwenye lundo la samadi. Lakini kung'oa kila kitu hakusafishi ardhi, kwa kuwa vimelea hubakia udongoni kwa miaka. Na hiyo migomba ina mambo mawili. Kwa upande mmoja, vimelea vinavyoozesha mitambuu haviishambulii, na kwa hilo kaka amesema kweli. Kwa upande mwengine, mgomba ni makazi mazuri ya minyoo inayokula mizizi ya mpilipili manga, na kama umanjano ule ni wa minyoo, migomba iliyopandwa jirani na mifenesi hiyo inaweza kumaliza mipilipili iliyobakia. Safu za chini zikibaki tupu, mahindi yangefaa kuliko mboga nyingi. Nyanya, mabilingani, pilipili, matango na maboga ningeziogopa mahali hapo, kwa sababu nazo hushikwa na vimelea vya jamii hii na kuviweka hai hadi siku utakayotaka kurudisha mitambuu.

Kuhusu dawa ya mdogo wako, naiheshimu sana ile hofu yako iliyokufanya usiifungue. Kabla ya jambo jengine lolote, soma kwenye lebo jina la kiambato chake. Dawa nyingi za ukungu zimetengenezwa kwa ukungu wa kweli, na nyengine, kama zile zenye kabendazimu, hazivigusi vimelea hivi kwa sababu ya ukoo nilioueleza. Utakuwa umetia sumu kwenye majani yanayoliwa mabichi na maradhi yako palepale. Zipo zinazovisikia, kama zenye metalaksili, lakini zikitumiwa peke yake mara kwa mara vimelea huzizoea.

Iliyo ya zamani zaidi na inayoeleweka zaidi ni mchanganyiko wa mrututu, yaani chumvi ya buluu yenye shaba, na chokaa. Ulianzia kwenye mizabibu, ambayo nayo ni mimea ya kutambaa, katika eneo la Bordeaux nchini Ufaransa. Wakulima walikuwa wakiyarashia majani ya mizabibu iliyo kando ya njia ili wapita njia waogope kuiba zabibu, na mtaalamu Pierre-Marie-Alexis Millardet akatambua kwamba mizabibu hiyo ndiyo isiyougua. Aliutangaza mwaka 1885, na hadi leo unatumika kwenye pilipili manga. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa kwa lita 100 za maji, na kwa bustani ya nyumbani ni gramu 100 za kila kimoja kwa lita 10. Kila kimoja huyeyushwa peke yake katika ndoo ya plastiki, kisha maji ya mrututu humiminwa kidogo kidogo ndani ya maji ya chokaa huku ukikoroga. Tumbukiza kisu cha chuma kilichosuguliwa kwa muda mfupi. Kikitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha, na mchanganyiko huo utaunguza majani.

Hata huo nao una gharama zake. Shaba haiozi. Hujikusanya udongoni mwaka hadi mwaka na kuwadhuru nyungunyungu, na juu ya majani huacha rangi ya buluu ambayo hakuna mtu atakayeitia mdomoni. Wengi huumwagia chini, kuzunguka shina, na kuyaacha majani, au huchuma kwanza ndipo wakapuliza na kusimama kuuza kwa muda unaotosha majani mapya kutoka. Ukichagua njia ya dawa, iwe hii au ya mdogo wako, swali la wanunuzi wako linabaki palepale: utaweza kukaa bila ya kuuza kwa muda huo? Wewe peke yako ndiye unayejua mfuko wako. Tena hakuna dawa itakayofanya kazi ikiwa maji ya paa yanaendelea kushuka hapo. Mtaro mmoja wa kuyapeleka kando unaweza kufaa kuliko chupa nyingi za dawa, na huo ni wa kumwomba kaka, ambaye ndiye mwenye jembe na mwenye paa.

Mdogo wako anasema kung'oa ni kumfuta mama, nami naielewa kauli hiyo, lakini ningependa muitazame tena nyote wawili. Mtambuu hauzaliwi na mbegu katika bustani zetu. Hupandwa kwa pingili, na pingili ni mmea uleule ukiendelea kuishi mahali pengine. Mitambuu uliyonayo yenyewe ilitoka kwa mtu aliyempa mama yako. Kwa hiyo kung'oa safu iliyougua na kuihifadhi mbegu ya mama, yaani pingili zake, ni mambo yanayoweza kwenda pamoja. Miezi hii ya kipupwe, ambayo mvua imepungua na maradhi yamepoa, ndiyo inayokupa nafasi. Pingili hukatwa kutoka sehemu za juu za mashina ya safu ya juu, zilizo mbali na ardhi, zisizo na baka lolote. Zile zinazotambaa chini ziachwe hata kama ni nene na za kupendeza. Kisu huoshwa kwa sabuni baada ya kila shina. Hupandwa katika vifuko vyenye udongo uliochukuliwa mahali pasipopata kupandwa tambuu wala pilipili, vikawekwa juu ya kichanja, kivulini, mbali na bustani na mbali na kuku wanaochakura. Kisha hutazamwa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Pingili iliyobeba maradhi ndani yake mara nyingi hujionesha katika kipindi hicho. Mara nyingi, lakini si mara zote, na hapo ndipo ugumu wa habari ya wifi yako.

Umesema yapo mashina yanayoonekana mazima. Katika maradhi haya kuonekana mzima si dhamana, kwa sababu mizizi huweza kuwa imeanza kuoza kabla jani halijasema kitu, na tope lililoganda kwenye pingili linatosha kuvisafirisha vimelea kutoka Wete hadi Mkoani. Wifi yako anaanza na ardhi ambayo huenda ni safi. Ikichafuka, hatapoteza pingili tu, atapoteza ardhi hiyo kwa mitambuu kwa miaka, na yeye hana nyengine. Naona hofu yako ya kuitwa mchoyo imekufanya ufikirie kwamba mbele yako kuna kumpa na kumnyima tu. Lakini mama yako alimwahidi nini hasa? Sidhani kama alimwahidi vijiti. Alimwahidi mwanzo wa riziki, na ahadi ya namna hiyo ina njia nyingi za kutimizwa.

Unaweza kumwalika aje mapema, kabla ya vuli, asije kuchukua bali aje kuona, umfukulie shina mbele ya macho yake na ukwangue kama ulivyokwangua siku ile. Mwanamke anayetaka kulisha wanawe kwa kilimo hatashindwa kuelewa anachokiona. Hatari yake ni kwamba anaweza kusisitiza achukue hivyohivyo, na kumkatalia uso kwa uso ni kuzito kuliko kwa ujumbe. Unaweza pia kumtengea sehemu ya vile vifuko, ukamwambia hivi ni vyako na vikipita salama utavichukua. Hapo vuli itampita, na atakuwa amesubiri kwa jambo lisilo na uhakika. Au mnaweza kutafuta pamoja bustani nyengine isiyougua na wewe ukachangia bei ya pingili kwa niaba ya marehemu, ingawa hapo mbegu haitakuwa ya mama, na sijui kama kwake hilo ni jambo zito au jepesi. Mwulize. Hata akisubiri, ardhi yake haina haja ya kulala: anaweza kuchimba mitaro na kupanda nguzo zake, ili pingili zikifika zikute mahali palipo tayari.

Na mume wako, dada yangu. Umeandika kwamba ukimya wake unauelewa. Je, umemuuliza? Inawezekana ananyamaza kwa kuwa dada yake anamuuma na hataki kukubebesha jengine, au kwa kuwa haoni ni lipi la kusema kuhusu bustani ya wakwe zake. Pengine uko sahihi kabisa. Lakini akijua kwamba hofu yako ni kuichafua ardhi ya dada yake, anaweza kuwa ndiye mtu wa kulifikisha neno hilo Mkoani, na likitoka kwake halitasikika kuwa choyo.

Jengine ambalo barua yako haikuligusa ni kwamba bustani hii, kama haijagawiwa, bado ni mali ya warithi wote. Kaka hawezi kuing'oa peke yake, mdogo wako hawezi kuipuliza kwa simu kutoka Unguja, na wewe huna haja ya kulibeba shauri lote kwa kuwa tu ndiye uliyebaki nyumbani. Kikao cha watoto wa marehemu, hata kwa simu, mkiwa na jina la maradhi mkononi, kitakuwa kikao tofauti na haya mabishano ya sasa.

Jina hilo mimi siwezi kulithibitisha kwa barua. Ofisi ya kilimo ya wilaya yako inaweza kukuelekeza kwa wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar. Usipeleke shina lililokwisha kufa, kwa kuwa hilo huwa limeingiwa na kila kiozacho. Chagua lililoanza kulegea, lichimbue pamoja na mizizi na udongo wake kidogo, ulifunge kwa gazeti na si kwa mfuko wa plastiki uliolowa, na ulifikishe siku hiyohiyo au ya pili yake. Chukua pia jani lenye baka changa, na mizizi ya ule mpilipili wenye umanjano ukiwa umeifunga peke yake. Andika kwenye karatasi safu ipi ilitangulia kufa, mtaro uko wapi, na maji ya bati yanashukia wapi. Na ile dawa ya dukani ipeleke pia, ikiwa bado imefungwa, ili waisome lebo pamoja nawe.